Mfuniko wa Dereva

Jumapili, 12 Januari

Dada yangu,

Boksi limefika. Limebonyea kona kama gari la mwanafunzi wa udereva, lakini vilivyomo ni vizima. Baba alilifungua kwa kisu cha mkate, taratibu, utadhani anatahiri, halafu akakaa anaviangalia vile vipande vya plastiki vya kuunganisha. Nikamwambia, Baba, bintiyo amekuletea kifaru cha vita, mwenye nyumba akija sasa atagonga mlango kwa adabu. Hakucheka. Alichukua kifuniko cha boksi chenye picha, akakipeleka dirishani, akavaa miwani, akauliza, "Nani amepiga rangi hii?"

Si unamjua. Miaka yote ile gereji, gari linaingia limekwaruzwa ubavu mzima, linatoka linang'aa mpaka mwenyewe analipita bila kulitambua. Leo unamletea picha ya kifaru cheupe kilichochubuka, kijani kinachungulia chini, matope mpaka magotini, na ndivyo kinavyotakiwa kiwe. Alisema huyo fundi angekuwa wake asingemaliza wiki. Ikabidi nimweleze, kwa hili darasa la nne langu, kwamba ile ni vita ya kwenye baridi. Askari wanapaka chokaa juu ya kijani, haraka haraka, hata kwa ufagio, ili wasionekane kwenye theluji, na chokaa haikai, inachubuka. "Basi maisha yangu yote nimefuta mikwaruzo," akasema, "uzeeni ndiyo nifundishwe kuitia."

Lakini asubuhi nikakuta ameshapanga vipande kwenye sinia, na hakuna anayeruhusiwa kufagia kile chumba, lisije likapotea gurudumu.

Ana swali. Theluji inachafukaje? Hataki kubahatisha. Anasema uchafu wa uongo unajulikana kama meno ya bandia.

Na karatasi zako za ukaazi vipi? Ameshamwambia kinyozi, ameshamwambia muuza mkaa, juzi kamsimamisha mpita njia asiyemjua hata jina, kwamba binti yake karatasi zikitoka atakuwa anaingia na kutoka huko kama mwenye nyumba. Anasema tulia hapo hapo, usije ukatoka kabla hazijatoka, wakakufungia mlango mgongoni. Maneno yake hayo. Mimi yangu ni kwamba sina mtu wa kunigombeza, na Baba peke yake hatoshi.

Kikohozi chake kipo. Anasema ni vumbi la msasa.

Mdogo wako, wiki hii nauza miavuli, wiki ijayo Mungu ndiye anayejua,
Kiroboto

---

9 Februari

Baba shikamoo, na wewe Kiroboto hujambo,

Barua yenu nimeisoma kazini, kwenye kufulia, nikacheka mpaka wenzangu wakauliza kama nimeposwa. Tulikuwa tunakunja mashuka ya hoteli, mawili mawili, na mimi shuka langu likaburuzika chini, likarudi kufuliwa.

Baba, theluji ikianguka ni nyeupe mpaka inachoma macho. Haikai hivyo. Ile njia ninayopitia kuja kazini, mchana haujafika imeshakuwa rangi ya chai ya maziwa. Kwenye ngazi inatoka pale katikati, watu wanapokanyaga, unaliona jiwe, pembeni inabaki. Chini ya magari ni tope jeusi lililoganda. Kwenye mageti, pale pa kushika, haipo kabisa, mikono ya watu imeimaliza.

Kuna nyumba moja naipita kila siku, ya bibi mmoja anayeishi peke yake. Wakati mmoja kizingiti chake kilikaa cheupe siku nyingi, safi, kama shuka lililopigwa pasi. Mwenzangu akasema tazama palivyo pazuri. Mimi roho haikutulia. Tukagonga, jirani akatoka, akasema alishapelekwa hospitali.

Basi kanuni ni hiyo, Baba. Palipo na mtu, weupe unatoka. Ukipaona peupe kabisa, hapapiti mtu.

Karatasi zisikusumbue, mambo yanaenda. Wewe kohoa kidogo, paka rangi sana.

Binti yako

---

Jumapili, 2 Machi

Dada,

Kanuni yako imekuwa amri ya nyumba. Baba kanifanya niisome mara ya pili, halafu akaikariri, sasa anamfundishia kinyozi.

Nikueleze kazi ilipofika. Kwanza alikipiga kijani, safi, cha kiwandani. Kikakauka. Halafu nikatumwa saluni kuomba dawa ya nywele ya kupuliza, ile ya wanawake ya kushikilia mtindo, mwenye saluni akaniuliza nimeanza lini kusuka. Inapulizwa juu ya kijani, ndipo nyeupe inakuja juu yake. Baadaye ukilowesha maji ya vuguvugu ukasugua kwa brashi, ile dawa chini inalainika na weupe unatoka kwa mabaka, kama chokaa kweli. Kaigundua mwenyewe, baada ya kuharibu vijiko vitatu vya plastiki.

Tatizo likaja kwenye nyeupe. Inatakiwa ipakwe ovyo, Dada, na mkono wa Baba ovyo haujui. Akipaka inatoka laini kama jokofu la dukani. Akakwangua, akarudia, ikatoka laini tena. Akanipa brashi. "Wewe huna unadhifu," akasema, "paka." Tangu nizaliwe humu ndani ndiyo mara ya kwanza nasifiwa.

Sasa tunachubua. Kabla ya kila mkwaruzo lazima nijibu swali, nani amepita hapa? Nikisema huyu ni askari amepanda kwa kuegemea goti, sawa, nasugua. Nikisema sijui, nanyang'anywa kijiti cha kuchubulia. Kwa hiyo tumegawana kifaru. Mimi nimepewa mfuniko wa kuingilia wa juu kabisa, pale anaposimama yule anayepiga kelele, kwa sababu ya mdomo. Wewe umepewa wa pembeni, na Baba kauchubua kidogo tu, upande mmoja, anasema wewe ulikuwa unaingia na kutoka bila kugusa mlango, ndiyo maana hatukujua siku uliyoondoka ulianza saa ngapi kulia.

Wa mbele, wa dereva, ni wake. Niliusogelea na kijiti akanipiga kofi la mkono. "Huo usiuguse. Nitaukwaruza mwenyewe, kwa ukucha, mwisho wa kazi. Dereva anaingia wa kwanza na kutoka wa mwisho. Hapo ndipo patachubuka kuliko kote." Akaniambia nikuandikie hilo neno kwa neno. Nimekuandikia.

Kikohozi kiko palepale. Msasa tumeacha siku nyingi.

Kiroboto, mwenye mfuniko wa juu

---

23 Machi

Shangazi shikamoo,

Barua hii haina utani, kwa hiyo ukiona nimejikwaa mahali ujue sijazoea njia.

Ndugu yako anaumwa. Siyo kuumwa kwa kukohoa, kuumwa kwenyewe. Daktari alinitoa nje ya wodi, akaniambia mapafu yameisha, ni ule moshi wa rangi aliokuwa anauvuta tangu ujana na kitambaa tu puani. Nikauliza dawa. Akasema mpeleke nyumbani apumzike kati ya watu wake. Mimi si msomi, Shangazi, lakini hospitali ikikurudisha mapema hivyo na vitanda vipo vitupu, unaelewa.

Jambo la pili ndilo linalonikaba. Dada hajui. Nilikuwa nimeshachukua karatasi nimwandikie, Baba akaniita. Akasema, "Ukimwambia, kesho yuko njiani. Akitoka huko kabla ya karatasi, hatarudi tena. Mtoto amefua mashuka ya watu miaka yote hiyo, halafu mimi ndiye nimharibie?" Akanishika mkono akaniapisha. Asijue lolote mpaka zile karatasi awe nazo mkononi. Nimeapa. Ungekuwa wewe ungekataa, lakini wewe ni dadake, mimi ni mtoto.

Kifaru kiko mezani pembeni ya kitanda. Anakiangalia. Mkono hauinuki tena.

Njoo, Shangazi. Nauli nitahangaika, wewe panda tu.

Mtoto wako,
Kiroboto

---

4 Mei

Mwanangu,

Nilirudi kwangu salama. Miguu bado imevimba ila nalala.

Umemzika ndugu yangu vizuri. Uliwapokea watu, uliwalisha, na hukuanguka mpaka walipoondoka. Nilikuona ulivyokwenda nyuma ya nyumba. Sikukufuata makusudi.

Lile la dada yako sikulisema pale msibani, kwa sababu ni kauli ya marehemu na marehemu habishiwi siku ya kuzikwa. Sasa siku zimepita, nabisha. Ndugu yangu alijua rangi. Kuhusu watoto alikuwa anaotea. Huyo binti anakula, anacheka, anakunja mashuka, na baba yake yuko chini ya udongo. Siku atakapojua, kila alichokicheka tangu siku ile kitamrudia.

Unaweza kumuuzia mtu mwavuli kiangazi, hilo nakuamini. Usimuuzie dada yako baba mzima.

Mwandikie.

Shangazi yako

---

25 Mei

Baba,

Shikamoo. Huku joto limeanza, theluji yote imekwenda, kumbe chini yake kulikuwa na majani muda wote.

Kiroboto ananiandikia habari za mvua, za kinyozi, za mbwa wa jirani aliyeingia kwenye ndoo ya rangi. Zako ananipa kidogo kidogo, kama mtu anayepima chumvi. Nimekasirika naye, na wewe pia. Mfuniko wako umeukwaruza au bado? Uliniambia mwisho wa kazi, na kazi gani hiyo isiyoisha?

Nitumieni hicho kifaru. Nakitaka dirishani kwangu. Jioni nikirudi mikono imekauka kwa sabuni, nataka nikae nacho nione mlipopita wote. Wako nitaujua bila kuambiwa.

Binti yako

---

15 Juni

Dada,

Kifaru kinakuja. Nimekifunga kwa nguo zangu mbili za zamani na soksi, ukisikia harufu ni ya soksi, vita haijafika huko.

Matope nimemalizia mimi. Nilichukua udongo wa uani, nikauchekecha kwa soksi ya mwanamke, usiulize ya nani. Nikachanganya na majivu ya jiko na gundi iliyoyeyushwa. Nimeyapaka zaidi nyuma, kwa sababu minyororo inayarusha nyuma, na ya chini nimeyaacha mazito, ya juu mepesi, yamekauka kitambo. Kingo nimezisugua kwa risasi ya penseli, hapo chuma kinaonekana kama chuma. Kutu nimeitia kwenye bomba la moshi tu. Fundi mmoja mwenye kujua alinifundisha kwamba kutu ni kama utani, ikizidi watu wanaondoka.

Baba hasemi sana siku hizi. Kikohozi kimekwisha kabisa. Kinyozi anamtaja kila siku.

Mambo yangu siyo mabaya. Miavuli niliachana nayo, mvua ilikatika siku niliyonunua mzigo mpya. Sasa nauza miwani ya jua, kwa hiyo andaa mvua.

Karatasi zikitoka, tuandikie siku hiyo hiyo. Siku hiyo hiyo, Dada. Usilale nayo.

Kiroboto

---

18 Juni

Shangazi shikamoo,

Sijamwambia. Usinikunjie uso, nakuona mpaka hapa. Nilimwandikia, na barua nzima haina uongo hata mmoja. Nilisema Baba hasemi sana. Nikasema kikohozi kimekwisha. Nilipoisoma upya nikaona sijawahi kudanganya mtu kiasi hicho maishani.

Lakini kuna jambo nataka ulijue. Kile kifaru nilikimaliza chote, ukabaki mfuniko wa dereva. Mweupe, haujaguswa. Nikasema hiki ni kitu kidogo, ni mkwaruzo. Wewe unajua nimeshauza nini katika mji huu. Nimeuza viatu vilivyopakwa dawa juu ya tundu. Nimeuza saa zinazotembea mpaka mteja akate kona. Mkwaruzo wa ukucha utanishinda?

Nikalowesha maji ya vuguvugu. Nikaweka ukucha. Na nikamsikia, Shangazi, vile vile anavyouliza, bila kupandisha sauti: nani amepita hapa?

Nikaondoa mkono.

Nimekifunga hivyo hivyo. Labda hataona, ni kitu kidogo kama kifungo cha shati. Labda ataona. Sijui kati ya hayo mawili naomba lipi.

Mtoto wako,
Kiroboto

---

20 Julai

Kiroboto,

Kimefika. Nilikifungua kazini, sikuweza kungoja. Wenzangu waliacha mashine, wakakizunguka. Mmoja alizaliwa huku huku kwenye baridi, akasema hiyo ni theluji yenyewe, nani aliyeipaka, nikasema ni mdogo wangu na hajawahi kuiona. Niliona mlipopanda kwa goti. Nikauona mfuniko wako wa juu ulivyochakaa, nikacheka. Nikauona wangu, kona moja tu.

Halafu nikakigeuza mbele.

Wenzangu walikuwa bado wanasifu. Niliwaambia natoka nje kidogo. Nje kulikuwa na jua, watu wamekaa kwenye nyasi wanakula. Nilisimama pale na aproni yangu mpaka msimamizi akaja.

Usiniandikie kwamba alisahau. Baba hakuwahi kuacha kazi katikati.

Sasa nisikilize. Najua kwa nini mlificha, namsikia kabisa akikuapisha. Karatasi. Zilikataliwa Desemba. Nilipokinunua hicho kifaru nilikuwa nimetoka kusoma barua ya kukataliwa. Nilipita dukani nikakiona dirishani, nikasema nimtumie kitu, maana hiyo habari siwezi kuituma. Alishawatangazia watu wote. Nikasema nitamwambia akimaliza kukipaka, akiwa na furaha. Tangu hapo nafanya kazi kwa jina la mwenzangu, na nawaandikia mambo yanaenda.

Mlango mliokuwa mnanilindia ulikuwa umeshafungwa, Kiroboto. Ningeweza kuondoka siku yoyote. Machi ningeweza. Aprili ningeweza. Ningemshika mkono, hata kama ulikuwa hauinuki, nikauweka pale juu mwenyewe.

Nakuja nyumbani. Niambie siku, na niambie alisema nini. Na tia utani mahali, hata mmoja, la sivyo nitajua na wewe umekufa.

Dada yako

---

10 Agosti

Dada,

Utani wenyewe ni huu: kifaru kimekwenda vitani, kimerudi salama, tuliopigwa ni sisi tuliobaki nyumbani. Siyo mzuri. Nitatafuta mwingine.

Ilikuwa Alhamisi, mwezi wa nne, asubuhi, jua limeshaingia chumbani. Shangazi alikuwa amemshika miguu anaikanda, mimi nimekaa kichwani. Alifumbua macho, akaangalia pale mezani, akauliza kama rangi imekauka. Ilikuwa imekauka zamani, Dada. Lakini niliona nikisema ndiyo atataka kuinua mkono ashindwe. Nikamwambia bado, Baba. Akasema, "Basi tungoje." Tukangoja. Mimi ndiye niliyechelewa kujua kwamba nangoja peke yangu.

Ya Desemba nimeisoma, nikaiweka, nikaisoma. Nilitaka kukasirika na wewe, sikupata pa kuanzia. Wewe ulimficha ili afurahi, yeye akakuficha ili usipoteze, mimi nikawabebea wote wawili, na sote tulikuwa tunalinda ukuta usio na mlango. Shangazi amerudi huku, nilimsomea barua yako. Hakusema, "Nilikwambia." Alisema nitandike kitanda chako.

Kwa hiyo naandaa nyumba. Shangazi amesema mgeni asikute kuta zimesawijika, na wewe si mgeni lakini humbishii. Nimepaka sebule. Nimepaka chumba chako. Nikaja kwenye mlango wa chumba cha Baba, nikaanza juu, nikashuka, nikafika kwenye kitasa. Unapakumbuka hapo. Pembeni ya kitasa, mahali alipokuwa anasukuma kwa kiganja kila asubuhi akienda gereji na kila jioni akirudi, rangi imekwisha, imeingia mpaka kwenye mbao, na mbao yenyewe imekuwa laini na nyeusi kidogo kwa mafuta ya mkono. Alikuwa anapaka magari ya watu, mlango wake hakuwahi kuugusa.

Nilisimama na brashi mpaka rangi ikanidondokea mguuni.

Dada, nimeupaka mlango wote, mweupe, na safari hii nimejitahidi unadhifu. Hapo tu sijapitisha brashi. Ukifika weka mzigo chini, usiite mtu, nenda usukume hapo.

Mdogo wako,
Kiroboto